Anajuaje saa mbili baada ya bomu? Tuwajadili hawa wachambuzi wa ugaidi

#1 Chekecha (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila linapotokea shambulio la kigaidi, studio hakukosi mtu mmoja. Suti safi, cheo kirefu chini ya jina lake, na sauti ya mtu aliyekuwepo. Mlipuko haujamaliza saa mbili, zimamoto bado wanafukua vifusi, hospitali hazijui zina majeruhi wangapi, lakini yeye tayari analijua kundi, sababu, mfadhili, na hatua ambayo serikali inatakiwa kuchukua. Swali langu ni jepesi tu: anajuaje?

Niweke wazi mapema tusije tukagombana bure. Simsemi ripota aliyeko eneo la tukio anayetuambia alichokiona kwa macho yake. Huyo anafanya kazi, tena ngumu. Namsema mchambuzi, yule anayetueleza tukio lina maana gani. Wala simlaumu kwa kukosea. Saa za mwanzo kila anayefungua mdomo anaweza kukosea. Ninachohoji ni uaminifu. Mtu ana dhana yake aliyokaa nayo miaka kumi, shambulio likitokea analivisha dhana hiyo, anatuuzia kama taarifa, na siku ikianguka hatumwoni akirudi.

Chukueni Oklahoma City, Marekani. Tarehe 19 Aprili 1995, saa 3 na dakika 2 asubuhi, lori la mabomu lililipuka mbele ya jengo la serikali ya shirikisho la Alfred P. Murrah. Watu 168 walikufa, 19 kati yao watoto, maana ndani ya jengo kulikuwa na kituo cha kulelea watoto. Siku hiyohiyo kwenye televisheni ya CBS, Steven Emerson, aliyekuwa akialikwa kama bingwa wa mambo ya ugaidi, alisema kwamba kukusudia kuua watu wengi kadiri inavyowezekana ni tabia ya Mashariki ya Kati. Hakuwa peke yake. Siku nzima gumzo lilikuwa huko.

Sasa angalieni kilichokuwa kikiendelea pembeni. Dakika kama 90 baada ya mlipuko, askari wa barabarani alisimamisha gari bovubovu aina ya Mercury lisilo na namba za usajili. Dereva alikuwa na bastola. Akapelekwa mahabusu kwenye mji mdogo wa Perry kwa makosa hayo ya kila siku, namba na silaha. Ndiye Timothy McVeigh, Mmarekani, askari wa zamani aliyepigania nchi yake kwenye vita vya Ghuba. Yaani wakati studio zinachora ramani ya Mashariki ya Kati, mwenye bomu yuko lokapu na hakuna anayejua kuwa ni yeye.

Na kidokezo kilikuwepo kwenye kalenda. Tarehe hiyohiyo, 19 Aprili 1993, ndiyo siku FBI walipohitimisha mzingiro wa makao ya kundi la kidini la Branch Davidians huko Waco, Texas, kwa moto ulioua watu zaidi ya 70. Kwa makundi yenye silaha ya mrengo wa kulia Marekani, tarehe hiyo ilikuwa kidonda kibichi. Watu waliokuwa wakiyafuatilia makundi hayo walikuwepo na walikuwa na simu. Sauti zao zilimezwa.

Mtasema 1995 ni zamani. Haya, tarehe 22 Julai 2011, Norway. Bomu kwenye majengo ya serikali Oslo, watu 8. Kisha risasi kwenye kambi ya vijana wa chama cha Labour kisiwani Utøya, watu 69. Gazeti la The Sun la Uingereza liliingia mtaani kesho yake na kichwa cha habari kinachotaja al-Qaeda na kuita tukio "9/11 ya Norway". Muuaji alikuwa Anders Behring Breivik, Mnorway aliyechukia Uislamu, na alikuwa ameshasambaza kwa barua pepe maandishi ya kurasa zaidi ya 1,500 akieleza sababu zake.

Hapo ndipo pananikera zaidi. Ilipodhaniwa ni al-Qaeda, uchambuzi ulihusu itikadi, mitandao na wahubiri. Jina lilipobadilika, maswali yakahamia kichwani mwake: ni mgonjwa wa akili? Utoto wake ulikuwaje? Ripoti ya kwanza ya madaktari ilisema ni mgonjwa, ya pili ikasema mzima, na Agosti 2012 mahakama ikaamua ana akili timamu. Muuaji mmoja, damu ileile, lakini mizani ilibadilishwa katikati ya soko.

Karibuni tujadili. Matusi mwacheni nyumbani.

#2 Bwana Ubishi

Mleta mada umeokota mawili waliyokosea ukaacha mengi waliyopatia. Kampala Julai 2010 walisema al-Shabaab, ikawa al-Shabaab. Westgate, lile jengo la maduka la Nairobi, hivyohivyo. Garissa hivyohivyo. Mtu akisikia kumelipuka Mogadishu unataka ataje nani, chama cha wafuga nyuki? Kutumia yaliyopita kukadiria ya leo ndiyo kazi yenyewe ya mchambuzi. Daktari naye akikuona na homa anaanza na malaria.

#3 Chekecha

Mkuu, daktari anaanza na malaria halafu anakupima damu. Hajakuandikia cheti cha kifo kwa kukuangalia mlangoni.

Lakini nashukuru umeitaja Westgate. Tarehe 21 Septemba 2013, siku nne za mzingiro, watu 67 waliuawa. Al-Shabaab walijitangaza wenyewe Twitter siku ileile. Kwa hiyo kulitaja jina hakukuwa uchambuzi, kulikuwa kusoma simu. Uchambuzi ni yale yaliyoongezwa juu yake, na hebu tuyapitie:

Washambuliaji 10 hadi 15, ndivyo maofisa walivyosema. Picha za kamera za jengo zilionyesha wanne.

Mwanamke wa Kiingereza na Wamarekani wawili watatu. Hili lilisemwa mpaka na viongozi wa juu. Magazeti ya Uingereza yakampata "Mjane Mweupe", Samantha Lewthwaite, mjane wa mmoja wa walipuaji wa London wa 7 Julai 2005, na kurasa zikajaa: maisha yake, ndoa zake, jinsi alivyoongoza shambulio. Kwenye zile picha hayumo.

Halafu moshi. Ulipotanda moshi mzito juu ya jengo, Waziri wa Usalama wa Ndani, Joseph ole Lenku, akasema magaidi wanachoma magodoro. Sehemu ya nyuma ya jengo iliporomoka hadi magari yakaning'inia, na bado kuna watu studio waliendelea kutufafanulia ni kwa nini gaidi angetaka kuchoma godoro. Walikuwa wanachambua kauli, si tukio. Kama kauli ni mbovu, ukiipika saa nzima na mtaalamu haiwi nzima.

Kwa hiyo kupatia jina la kundi usikuhesabie kama kufaulu mtihani wote, Ubishi. Mtihani ulikuwa na maswali kumi.

#4 Zamu ya Usiku

Nimefanya kazi chumba cha habari, sitasema wapi. Ngoja niwape picha ya ndani, maana mnadhani kuna njama. Mara nyingi hakuna njama, kuna saa.

Likitokea tukio kubwa, programu zote zinasimamishwa na unaingia mbashara. Una picha ya dakika mbili inayozungushwa, ripota aliyekwama nyuma ya utepe wa polisi, na saa tano za kujaza. Hewa haikai kimya. Mhariri wa zamu anafungua orodha ya namba. Anayepokea simu haraka, anayeweza kufika studio, anayeongea bila kigugumizi na bila kusema "sijui", huyo ndiye mtaalamu wa leo. Nimewahi kumpigia mwalimu wa chuo aliyeisoma Somalia maisha yake yote, akaniambia, "Kaka, nipe siku mbili." Hakuitwa tena. Si kwa ubaya. Jina lake tu halikupanda juu kwenye orodha.

Na aliyewahi kusema "inawezekana, ila ushahidi bado" anaonekana mbele ya kamera kama mtu asiyejua kitu. Aliyesema kwa uhakika akakosea, hakuna anayemkumbuka kwa kosa, anakumbukwa kwa uhakika. Tumelijenga soko hivyo wenyewe, na watazamaji mmo.

Ila kuna jambo moja ambalo si saa wala haraka, na hili ndilo ningependa mlikazie macho: mchambuzi anakula wapi? Aprili 2008 New York Times walichapisha uchunguzi wa David Barstow kuhusu majenerali na makanali wastaafu waliokuwa wakijaza televisheni za Marekani kuchambua vita na ugaidi. Wengi wao walikuwa na maslahi kwenye kampuni zinazotafuta zabuni za kijeshi, na mtazamaji hakuambiwa. Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, ilikuwa ikiwaita, ikiwapa hoja za kusema, na mwaka 2005 ilipobanwa kuhusu kambi yake ya wafungwa ya Guantánamo iliwapandisha ndege ikawapeleka kuitembelea. Wakarudi, wakaenda hewani kusema kambi haina tatizo. Uchunguzi ule ulipata tuzo ya Pulitzer 2009. Vituo vyenyewe vilivyowatumia wachambuzi hao? Vingi viliipita habari hiyo kimyakimya.

#5 Mama Kumbukumbu

Zamu ya Usiku umenena, ila msisahau upande wa pili. Kuna wakati mchambuzi hakosei kwa haraka wala kwa pesa; anafuata upepo wa ikulu.

Mpeketoni, Lamu, usiku wa 15 Juni 2014. Watu wako kwenye vibanda vya kutazamia Kombe la Dunia. Wakaja wenye bunduki, wakawatenga wanaume, wakaua. Usiku uliofuata wakaua tena vijiji vya jirani. Jumla zaidi ya watu 60. Al-Shabaab wakasema ni sisi. Tarehe 17 Rais Uhuru Kenyatta akahutubia taifa akasema si al-Shabaab, ni mitandao ya kisiasa ya hapohapo. Gavana wa Lamu, Issa Timamy, akakamatwa kabla mwezi haujaisha, baadaye mashtaka yakafutwa.

Nilikuwa nafuatilia vipindi vile kila jioni. Ungeona watu walewale waliokuwa wakituambia Jumatatu kuhusu mbinu za al-Shabaab, Jumatano wana maelezo mapya ya mashamba, makabila na uchaguzi uliopita. Ningewaheshimu kama wangesema, "Jana nilisema vile, leo nasema hivi, na kilichonibadilisha ni hiki." Kilichowabadilisha ni hotuba. Kwa kweli migogoro ya ardhi ya Lamu ipo na ni ya miaka mingi, na ilifaa kujadiliwa. Lakini ilitolewa kabatini kama jibu la dharura, ikatumika wiki mbili, ikarudishwa kabatini.

#6 Bwana Ubishi

Mama Kumbukumbu hapo nakubali. Ila Rais naye ana taarifa za kijasusi sisi hatuna. Mchambuzi afanye nini, ampinge?

#7 Chekecha

Ubishi, swali lako ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu, kwa hiyo nivumilie, hili nitalieleza kwa kirefu. Twende Madrid.

Tarehe 11 Machi 2004, kuanzia saa 1 na dakika 37 asubuhi, mabomu kumi yalilipuka ndani ya treni nne za abiria waendao kazini. Wafu zaidi ya 190. Uchaguzi mkuu ulikuwa umebakiza siku tatu. Serikali ya waziri mkuu wa Uhispania, José María Aznar, ilikuwa imeiunga mkono Marekani vitani Iraq na kupeleka askari huko, huku wananchi walio wengi hawataki. Pigeni hesabu za kisiasa: wakiwa ni ETA, kundi la Wabaski lililopigana na dola ya Uhispania kwa miongo kadhaa, serikali yenye msimamo mkali dhidi yao inafaidika. Wakiwa ni wafuasi wa al-Qaeda, wapiga kura watauliza Iraq ilituhusu nini.

Serikali ikasema ETA, bila kusita. Aznar mwenyewe alipiga simu kwa wahariri wakuu wa magazeti kuwahakikishia. El País lilikuwa limeandaa toleo maalumu la mchana huo, kichwa chake kikizungumzia mauaji ya kigaidi Madrid bila kutaja mtu. Baada ya simu, kichwa kikageuka kuwa mauaji ya ETA Madrid. Fikirieni, si gazeti la serikali hilo. Lilikuwa gazeti lisilompenda Aznar hata kidogo, na bado simu moja ilitosha.

Jioni ileile Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 1530 likilaani shambulio "lililofanywa na ETA". Kundi limetajwa kwa jina, siku ya tukio, kwa kauli moja. Nendeni mkalisome, maneno hayo yamo hadi leo.

Wakati huohuo polisi walikuwa wameshapata gari dogo aina ya Renault Kangoo huko Alcalá de Henares, mji ambao treni zile zilipitia. Ndani mna vilipuzi vidogo vya kuwashia mabomu na kanda yenye aya za Kurani. Siku mbili baadaye watu wa kwanza wakakamatwa, na hawakuwa ETA. Watu wakaingia mitaani usiku wa kuamkia uchaguzi wakidai ukweli. Chama cha Aznar kikaanguka tarehe 14.

Sasa Ubishi, unauliza mchambuzi afanye nini. Asimpinge rais. Amuulize tu. Mbinu: ETA walishawahi kulipua treni nne kwa pamoja? Walikuwa na desturi ya kupiga simu ya onyo mara nyingi, mbona leo hakuna? Nani anafaidika tukiamini hivi mpaka Jumapili? Maswali hayo hayahitaji taarifa za kijasusi. Yanahitaji mtu ambaye yuko tayari asialikwe tena.

Na mjue, haikuisha pale. Kwa miaka sehemu ya vyombo vya habari vya Uhispania, gazeti la El Mundo likiwa mbele, viliendelea kupalilia shaka kwamba ETA wana mkono. Hukumu ya Oktoba 2007 haikukuta ushahidi wowote wa hilo. Kosa la saa za mwanzo ni la kibinadamu. Kosa linalolishwa miaka mitatu lina mwenyewe.

#8 Dada Hesabu

Naomba kuongeza la takwimu, fupi. Mwaka 2019 Erin Kearns na wenzake walichapisha utafiti wa mashambulio 136 yaliyotokea Marekani kati ya 2006 na 2015. Walipolinganisha habari zilizoandikwa, mashambulio yaliyofanywa na Waislamu yalipata kwa wastani asilimia 357 zaidi ya mengine, hata baada ya kuzingatia idadi ya waliokufa. Kwa hiyo mchambuzi anapokuja kusema "mwenendo unaonyesha", muulizeni mwenendo wa matukio au mwenendo wa habari? Kichwa chake kimejaa yale yaliyoandikwa sana.

Na kwenye ukubwa pia. Paris Novemba 2015, watu 130, dunia nzima ilisimama. Mogadishu 14 Oktoba 2017, lori moja, watu 587 kwa hesabu ya kamati ya serikali yao. Nani anaweza kunitajia mchambuzi mmoja aliyekaa studio wiki nzima kwa ajili ya Mogadishu?

#9 Mama Kumbukumbu

Na picha, dada. Januari 2019, shambulio la hoteli ya DusitD2 pale Nairobi, watu 21 walikufa. New York Times wakaweka picha ya maiti zimeinamia meza za mgahawa. Wakenya wakawaka, Baraza la Habari likaandika barua. Gazeti likajitetea kwamba lina utaratibu wake na dunia lazima ione. Swali la Wakenya lilikuwa rahisi: maiti za kwenu mbona hatuzioni hivi?

#10 Bwana Ubishi

Haya, tuseme nimeshindwa nusu. Dawa ni nini, sheria? India walifanya. Mumbai Novemba 2008, waliokuwa wakiwaongoza magaidi kwa simu kutoka Pakistan walikuwa wanaangalia televisheni za India mbashara na kuwaambia vijana wao askari wako wapi. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya India ikavikemea vituo hadharani, na 2015 serikali ikapiga marufuku kurusha mbashara operesheni za kupambana na magaidi. Anaongea ofisa mmoja aliyeteuliwa, kwa vipindi, mpaka kazi iishe. Naona ni sawa.

#11 Chekecha

Kuzuia kamera isionyeshe askari anapopanda ngazi, sawa kabisa, sina ugomvi. Lakini ile ni picha ya operesheni, si uchambuzi. Na huyo ofisa mmoja aliyeteuliwa ndiye nani? Nimekupa magodoro na nimekupa Madrid. Ukimwachia mic peke yake, umefuta nusu ya kelele na umebaki na nusu iliyo hatari zaidi.

Kenya walijaribu. Desemba 2014 sheria ya usalama ilirekebishwa bungeni katikati ya vurugu, ikaweka faini hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka mitatu kwa atakayechapisha habari zinazodhoofisha uchunguzi wa ugaidi. Nani anaamua kipi kinadhoofisha? Walewale. Februari 2015 Mahakama Kuu ikaviondoa vifungu hivyo pamoja na vingine kadhaa, kwa kukiuka katiba. Nadhani majaji walipatia.

#12 Zamu ya Usiku

Mimi ningeanza na vitu viwili vya kitoto kabisa, vya kwenye skrini. Cha kwanza, chini ya jina la mgeni pasiandikwe "mtaalamu wa usalama" bali anayemlipa mshahara: kampuni gani, taasisi gani, aliwahi kuwa jeshi gani. Cha pili, miezi mitatu baadaye mwite tena huyohuyo, mrushie kipande chake cha siku ile, dakika tano tu, aseme mwenyewe.

Niliwahi kulipendekeza hili la pili kwenye kikao cha wahariri. Wakacheka. Mmoja akaniuliza, "Akikataa kuja je, na tukio lingine likitokea tutampigia nani?"

#13 Bwana Ubishi

Si ndiyo yule mwalimu wa siku mbili.

#14 Zamu ya Usiku

Namba yake bado ninayo. Ila anapenda kuandika, hapendi kamera.

#15 Chekecha

Basi aandike. Siku ya tatu tutakuwa bado tunasoma.